Programu ya Duka Lako Iko Mikononi mwa Nani?

Leo sitakukumbusha kuficha namba yako ya siri. Hilo tumelisema sana na tutalisema tena. Leo nataka tuzungumzie kitu usichokiona unapolipa, wala mwenye duka hakioni anapopokea, lakini siku kikikosekana nyote wawili mnabaki mkitazamana kaunta. Kwanza nikusimulie yaliyompata mteja wetu mmoja.

Ilikuwa Biashara Street, wiki mbili kabla ya Idi. Wanaoijua barabara ile wanajua wakati huo hapapitiki. Akina mama wanachagua leso, watoto wanalia, mikokoteni inataka njia. Kuna ami mmoja mwenye duka la leso pale ambaye alikuwa na programu ndogo kwenye kompyuta ya kaunta. Mteja akilipa kwa simu kwenye namba ya tili, programu ilipokea taarifa ya malipo yenyewe, ikapunguza idadi ya leso kwenye hesabu ya mali na kutoa risiti. Hakuna kusoma meseji moja moja, hakuna kubishana. Alitengenezewa mwaka 2019 na kijana wa jirani yake wa Kibokoni aliyekuwa bado chuoni. Bei ilikuwa ya kijirani na kazi ilikuwa safi, mpaka ami akawa anaitangaza barabara nzima.

Halafu kompyuta ikafa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, diski ikaungua. Ami hakushtuka, maana kompyuta hununuliwa. Akanunua nyingine, akamtafuta aliyemtengenezea amuwekee tena.

"Mwenyewe alonitengezea yuko Doha sasa," aliniambia nilipopita dukani. "Nikampigia, akanambia, ami usijali, kitu kiko mtandaoni, nakifungua nakutumia. Nikangoja siku nne. Siku ya nne asema hawezi kuingia."

Sababu yake ni ndogo na inauma. Msimbo wa ile programu, yaani maandishi ambayo kompyuta huyafuata, aliuweka kwenye ghala la faragha mtandaoni, kwa akaunti yake mwenyewe. (Vijana wengi huuita kodi, lakini ukimwambia mtu wa duka "kodi" anafikiria KRA, kwa hiyo mimi nitasema msimbo.) Akaunti ile, ili ifunguke kwenye kifaa kipya, hutuma namba ya uthibitisho kwa meseji. Namba hiyo ilikuwa ikitumwa kwenye laini yake ya zamani ya Kenya. Laini hakuitumia muda mrefu, ikarudi kwa kampuni ya simu na kuuzwa kwa mtu mwingine. Kompyuta aliyoandikia kazi aliiuza kabla ya kusafiri. Basi ufunguo wa programu ya duka la leso ukawa unaingia kwenye simu ya mtu asiyejulikana, ambaye bila shaka alikuwa akijiuliza hizi meseji ni za nini.

Kijana mwingine, wa Makadara, akaitwa. Akasema kuandika upya sehemu ya hesabu ya mali si kazi kubwa, ila sehemu ngumu ni ile inayozungumza na mfumo wa malipo: kuhakikisha kwamba taarifa kweli imetoka kwenye mfumo, kutohesabu malipo mamoja mara mbili mtandao ukisuasua, kujua la kufanya jibu lisiporudi. Yule wa Doha naye hakuiandika sehemu hiyo mwenyewe. Aliiazima.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Programu unazotumia, pamoja na za malipo, haziandikwi zote kuanzia mwanzo. Mama anayeuza mahamri asubuhi Kibokoni hasagi ngano mwenyewe. Mwandishi wa programu naye huchukua vipande vilivyoandikwa na wengine, tunaviita maktaba, halafu huongeza vyake juu. Nyingi ya maktaba hizo ni huria: mwandishi ameziweka kwenye ghala la pamoja kama GitHub, na kwa leseni yake ameruhusu yeyote azisome, azinakili, azibadilishe na azitumie. Wengi wanaozitunza hawalipwi, na hufanya kazi hiyo usiku baada ya kazi zao za mshahara.

Maktaba aliyoitumia kijana wa Doha ilikuwa ya mwandishi mmoja tu. Kijana wa Makadara alipoifuata kwenye anwani yake, ukurasa haukuwepo. Mwenyewe alishaufuta, na hakuna wa kumlaumu, ni kitu chake. Lakini kwa sababu leseni iliruhusu, watu kadhaa walikuwa wameshachukua nakala wakaziweka kwenye akaunti zao. Na nakala nyingine ilipatikana Software Heritage, hifadhi iliyoanzishwa na taasisi ya utafiti ya Inria ya Ufaransa na kufunguliwa rasmi mwaka 2016, ambayo inashirikiana na UNESCO. Kazi yao ni kuzunguka kwenye maghala ya umma na kuweka nakala ya kila msimbo wanaoweza kuufikia, pamoja na historia ya mabadiliko yake.

Sasa swali: nakala zilikuwa kadhaa, ipi ndiyo? Hapa wewe mwenye duka unajua jibu bila kusomea kompyuta. Mtu akikuonesha meseji ya malipo kwenye simu yake, huitazami meseji ile ukaamini. Unatazama simu yako na namba ya muamala kama zinalingana, kwa sababu meseji ya kughushi inaweza kuandikwa vizuri kuliko ya kweli. Maktaba nazo zina namba ya namna hiyo. Kompyuta hufanya hesabu juu ya faili zima na kutoa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Ukibadilisha hata nukta moja ndani ya faili, mfuatano hubadilika wote. Bahati nzuri, kijana wa Doha alipokuwa chuoni aliwahi kumtumia mwenzake barua pepe akiomba msaada, na ndani yake alibandika faili dogo lenye orodha ya maktaba zote za ile programu, matoleo yake na mifuatano hiyo. Wakalinganisha. Nakala mbili zilikubali, na moja, iliyokuwa na nyota nyingi na maelezo ya kuvutia zaidi, ilikataa. Sijui kama ilichezewa kwa ubaya au ilibadilishwa kwa nia njema. Haikutumika.

Idi ikapita ami akiandika kwenye daftari. Wiki iliyofuata programu ilikuwa inapokea malipo tena. Lakini sehemu iliyoandikwa kwa ajili ya duka lake hasa, ile iliyojua majina ya leso zake na jinsi anavyouza doti na anavyouza kwa jumla, haikupatikana mpaka leo. Madeni ya wateja, alhamdulillahi, hayakuwahi kutoka daftarini.

Tazama basi kilichopona na kilichopotea. Kilichoachwa wazi kwa watu wote kilipatikana baada ya mwenyewe kukifuta. Kilichofungiwa kwa usalama kilipotea huku mwenyewe yu hai na anapokea simu. Ndiyo maana nasema, na haya ni maoni yangu: sisi tunaoishi kwa malipo ya simu tumezoea kuona usalama kama kufuli peke yake. Tunauliza nani anaweza kuingia. Hatuulizi kitu hiki kitapatikana wapi siku mwenyewe asipokuwepo.

Nisieleweke vibaya lakini. Kuwa wazi si sawa na kuhifadhiwa. Machi 2016 mwandishi mmoja aligombana na kampuni juu ya jina la kifurushi chake kwenye npm, ghala kubwa la maktaba za JavaScript. Ghala lilipoamua upande wa kampuni, akakasirika akaondoa vifurushi vyake vyote, zaidi ya 250. Kimoja kiliitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi au sifuri upande wa kushoto wa neno mpaka lifike urefu unaotakiwa. Kazi ya mtoto. Lakini maktaba nyingine zilikitegemea, na nyingine zikazitegemea hizo, mpaka juu kabisa. Saa hiyo hiyo wahandisi duniani kote, wakiwemo wa kampuni kubwa, wakakuta programu zao hazijengeki. Ghala lilikirudisha baada ya kama saa mbili, kisha likabadilisha kanuni zake ili mtu asiweze kuondoa kirahisi kitu ambacho wengine wanakitegemea.

Na ghala lenyewe linaweza kufungwa. Google ilikuwa na Google Code, iliyoanza 2006. Miradi mingi ilikaa pale. Machi 2015 wakatangaza wanafunga, na Januari 2016 pakafungwa. Wasiohama kwa wakati walibaki kutegemea waliochukua nakala. Sasa karibu kila mtu yuko GitHub, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2018, na watu wanaongea kana kwamba GitHub itakuwepo mpaka kiama. GitHub wenyewe hawana uhakika huo, maana mwaka 2020 waliandika maghala ya umma kwenye filamu maalumu na kuyazika ndani ya mgodi wa zamani Svalbard, kule Norway kwenye barafu, yakae miaka 1,000. Sina ubishi nao. Ila filamu iliyo chini ya barafu haimsaidii mtu wa leso wiki mbili kabla ya Idi.

Sisi watu wa Mombasa tuna mfano wetu wa jambo hili, tena wa zamani. Muyaka bin Haji, mshairi wa mji huu aliyefariki karibu mwaka 1840, hakuchapisha kitabu. Tungo zake zilikaa vinywani mwa watu na kwenye karatasi chache za herufi za Kiarabu. Miongo kadhaa baadaye, Mwalimu Sikujua alizikusanya na kuzinakili pamoja na mmisionari William Taylor aliyekuwa akiishi hapa. Wakaziwekea na maelezo, nani aliambiwa nini na kwa sababu gani, maana shairi la majibizano bila kisa chake ni fumbo tupu. Mwaka 1940 zikachapishwa Afrika Kusini na William Hichens kwa jina la Diwani ya Muyaka. Tungo ambazo hakuna aliyezinakili, hatuzijui ni ngapi wala zilisema nini.

Mimi hunifika mambo mawili kila nikifikiria habari hiyo. La kwanza ni yale maelezo. Msimbo usio na maelezo una hali ile ile ya shairi lisilo na kisa: unaweza kuupata mzima usijue kwa nini mstari wa 40 unangoja sekunde tatu kabla ya kuendelea. Aliyeandika alijua. Labda siku moja malipo yaliingia mara mbili, akaweka ile ngoja, akasahau kuandika sababu. Anayekuja baadaye anaiona haina maana, anaifuta, na malipo yanaingia mara mbili tena. La pili ni kwamba miswada ile leo iko London, chuo cha SOAS. Imetunzwa, tunashukuru, lakini mtu wa Mji wa Kale anayetaka kuiona aipande ndege. Msimbo wetu nao hali ni hiyo hiyo. Uko kwenye kompyuta za watu wa mbali, na tunaufikia kwa waya.

Waya huo unapita baharini. Kebo za TEAMS na SEACOM zilipotua pwani yetu mwaka 2009 tulifurahi, na haki yetu. Lakini Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika huko kusini, karibu na Afrika Kusini, intaneti ya Afrika Mashariki nzima ilikwenda kwa kusuasua siku kadhaa. Siku kama hizo, kijana aliye na kazi ya kurekebisha programu ya malipo, ambaye kila maktaba yake lazima ipakuliwe upya kutoka ng'ambo, hana la kufanya ila kunywa kahawa. Mwenye nakala zake hapa hapa kwenye diski anaendelea. Nakala za karibu si anasa, na sijaelewa kwa nini vyuo vyetu na vituo kama Swahilipot Hub, pale karibu na Fort Jesus, visiwe na ghala la karibu la maktaba zinazotumika sana na vijana wa hapa. Diski ni rahisi siku hizi. Kinachokosekana ni mtu wa kuitunza.

Kuna jambo la kuogofya zaidi ya kupotea, nalo ni kukabidhiwa asiyestahiki. Mwaka 2018 kulikuwa na maktaba iitwayo event-stream, iliyokuwa ikipakuliwa kama mara milioni 2 kwa wiki. Mwandishi wake alishachoka nayo. Hakuwa akilipwa, na yeye mwenyewe hakuitumia tena. Akaja mtu asiyemjua, mpole, akajitolea kuitunza, akafanya marekebisho machache mazuri. Akapewa. Muda si muda akaingiza kipande kilichofichwa. Kipande hicho hakikumgusa mtu yeyote isipokuwa watumiaji wa programu moja ya pochi ya bitcoin, Copay, na kazi yake ilikuwa kuiba funguo za wenye salio kubwa. Iligunduliwa Novemba mwaka huo huo, na wengi wa walioipakua hawakuwahi kusikia jina la maktaba hiyo kabla ya siku ile.

Umeona ni mbinu gani? Ni ile ile ya anayekupigia simu kwa sauti ya upole, "Habari yako mama, nakupigia kutoka huduma kwa wateja." Hatumii nguvu. Anajenga imani kwanza. Tofauti ni kwamba hapa aliyedanganywa ni mtunzaji mmoja aliyechoka, na waliokuwa hatarini ni watu ambao hawakupigiwa simu yoyote. Basi mtu akikwambia programu huria si salama kwa kuwa kila mtu anaiona, mwambie aliyeigundua aliweza kuigundua kwa kuwa alikuwa anaiona. Ubovu ulikuwa mtunzaji mmoja, peke yake, bila msaada, huku maelfu ya makampuni yakila jasho lake bure.

Na hapa nijiangalie na mimi, maana ninafanya kazi kwenye kampuni ya malipo. Humu ndani kuna wenzangu wanaosema mteja hana haja ya kujua mambo haya, yatamtia hofu. Anataka pesa zifike, basi. Nawaheshimu lakini sikubaliani nao. Desemba 2021 tundu kubwa lilipotangazwa kwenye Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu iliyomo ndani ya mifumo isiyohesabika, swali la kwanza katika mabenki na makampuni ya dunia nzima halikuwa jinsi ya kuliziba. Kiraka kilitoka mapema. Swali lilikuwa: sisi tunaitumia? Iko wapi? Na wengi walichukua siku nyingi, wengine wiki, kujibu swali hilo la kwanza tu. Kampuni inayoshika pesa za watu na isiyoweza kusema ndani ya saa moja programu zake zimejengwa kwa maktaba zipi, haina haki ya kumwambia mama wa Kongowea ajihadhari.

Ningependa kila kampuni ya malipo, na yetu ikiwa ya mbele, itoe hadharani orodha ya maktaba huria inazotumia. Iweke nakala zake yenyewe za kila moja, na mifuatano yake ya kulinganisha. Na itoe kitu kwa watunzaji, iwe pesa au saa za wahandisi wake. Wengine wataona ni sadaka. Mimi naona ni gharama ya kazi, kama kulipia umeme.

Tena hatuwezi kujifanya wageni kwenye uwanja huu. Ushahidi ilizaliwa Kenya Januari 2008 katika siku mbaya za baada ya uchaguzi, ikaachwa huria, na miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ulikulia Eldoret kabla ya kuenea nchi nyingi. Na katika malipo yenyewe kuna Mojaloop, programu huria iliyotolewa mwaka 2017 kwa ajili ya kuunganisha watoa huduma mbalimbali za pesa ili mtu wa mtandao huu amtumie wa ule bila shida. Hilo "moja" kwenye jina lake ni Kiswahili chetu. Wametupa heshima kwenye jina, na sisi tuwape mikono kwenye kazi.

Wewe mwenye duka ukitengenezewa programu, iwe ya mahamri au ya magari, usimalize malipo kabla hujaonyeshwa mambo machache. Uonyeshwe msimbo uko wapi, na akaunti hiyo ni ya nani. Iwe kwa jina la biashara yako, na namba ya uthibitisho iingie kwenye laini uliyonayo mfukoni, si ya kijana. Upewe nakala kwenye flashi, na orodha ya maktaba pamoja na matoleo yake, hata kama wewe huwezi kuisoma, maana atakayekuja ataisoma. Kijana akinuna, mwambie fundi wa bomba pia hukuonyesha koki ilipo. Na sehemu isiyo siri ya kazi yake mshauri aiweke wazi. Siri ni namba zako za kuingilia kwenye mfumo wa malipo, hizo kamwe zisiwekwe ndani ya msimbo, kwenye ghala la wazi wala la faragha. Njia ya kuhesabu leso si siri.

Wewe kijana unayeandika: unapotafuta maktaba, usichukue ya kwanza unayoiona kwa sababu ina nyota nyingi. Soma leseni; isiyo na leseni si huria hata kama iko wazi, ni mali ya mtu aliyesahau kufunga mlango. Angalia mara ya mwisho kuguswa ni lini, watunzaji ni wangapi, na maswali ya watu yanajibiwa au yanaoza. Tazama herufi za jina moja moja, kwa sababu wezi huandika vifurushi vyenye majina yanayokaribiana na ya kweli. Ukishachukua, andika toleo gani. Na kama unaona maktaba unayoitegemea ina dalili za kufa, ingia kwenye tovuti ya Software Heritage, bandika anwani ya ghala hilo, uombe lihifadhiwe. Ni bure, na huhitaji hata akaunti. Dakika moja.

Na wewe ambaye si mwenye duka wala mwandishi, unayetumia simu tu: najua malalamiko, kila wiki sasisho, linakula bando, na ukifungua programu huoni kilichobadilika. Mara nyingi kilichobadilika ni maktaba ya ndani iliyopatikana na tundu. Lichukue, kutoka duka rasmi la programu la simu yako. Ukitumiwa faili la programu ya malipo kwenye WhatsApp, hata na shemeji, hata kama ameandika "hii ndiyo mpya haina makato", usiifungue. Wewe huna njia ya kulinganisha ule mfuatano, duka rasmi lina.

Nilipita tena Biashara Street Jumamosi. Ami akatoa mkebe wa biskuti chini ya kaunta. Ndani mna mkataba wa pango la duka, leseni ya kaunti, na flashi mbili zilizofungwa kwa kitambaa. Kijana wa Makadara alishaifanyia maktaba ile marekebisho, kwa kuwa mfumo wa malipo umebadilika tangu 2019, na marekebisho hayo ameyarudisha kwenye ghala la wazi kwa jina lake. Watu wawili wa nchi nyingine wameshamwandikia kumshukuru.

"Ila na huyu naye," ami akaniambia kwa sauti ya chini, "nasikia yuatafuta viza."

Nikamuuliza atafanyaje.

"Nshamwambia, hendi popote kabla hajaandika kila kitu, kwa Kiswahili. Na amfundishe binti yangu, yuko kidato cha tatu."